Je, ni kweli kwamba wagonjwa wa eneo fulani "hulia sana" na wa eneo jingine "hujikaza"? Wauguzi wa majiji makubwa, tujadiliane

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Salaam, wanajukwaa. Mimi ni muuguzi katika wodi ya upasuaji ya jiji ambalo kila kona ya nchi ina watu wake humo. Kila tunapokabidhiana zamu, baada ya kutajiana shinikizo la damu, kiasi cha mkojo na dawa ambazo mgonjwa amekwisha kupewa, huongezwa jambo ambalo halimo kwenye faili, nalo ni anakotoka. "Kitanda cha nne ni mtu wa pwani, mtamsikia usiku kucha." "Kitanda cha saba ni wa milimani, huyo hata akichanwa hasemi." Wanaosema hivyo si watu wabaya, baadhi yao ndio walionifundisha kazi, na ningependa kuuguzwa nao siku nikilazwa.

Kinachonisumbua ni matokeo yake. Aliyetangazwa kuwa mlalamishi akiita, tunamaliza kwanza tulichokishika. Aliyetangazwa kuwa mvumilivu hatumwulizi, kwa kuwa tunaamini kwamba akiumwa kweli atasema. Mmoja anaita bila kuitikiwa, mwingine anaumia bila kuulizwa, na wote wawili wanacheleweshewa dawa kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa mlangoni. Naomba wenye uzoefu mniambie: tofauti hizi zipo kweli? Kama zipo, zinatoka wapi? Na kama hazipo, imekuwaje sote tuamini kwamba tunaziona?

Dawa Chungu

Tofauti zipo, dada, na kuzikana hakumsaidii mgonjwa. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji na wodini kwa muda mrefu, na naweza kukuambia kwamba mtoto aliyelelewa katika jamii ambayo kulia mbele za watu ni aibu hawezi kuja kulia mbele yako kwa kuwa tu umevaa sare nyeupe. Vivyo hivyo, aliyelelewa mahali ambapo maumivu hutangazwa ili ndugu wakusanyike, atayatangaza. Hayo ni malezi, na kuyajua ni sehemu ya ujuzi wetu. Muuguzi asiyejua kwamba mgonjwa wa aina fulani hatasema mpaka abembelezwe ndiye atakayemwumiza.

Mpenda Takwimu

Suala hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1952 Mark Zborowski alichapisha utafiti alioufanya katika hospitali ya askari wa zamani huko Bronx, New York, akilinganisha Wayahudi, Waitaliano na wale aliowaita Wamarekani wa kale, yaani wale ambao koo zao zilikuwa Marekani kwa vizazi vingi. Aliona kwamba Waitaliano na Wayahudi wote walionyesha maumivu waziwazi, lakini kwa sababu zilizotofautiana: Mwitaliano alitaka maumivu yaondoke sasa hivi na akipewa dawa hutulia, ilhali Myahudi alihofia maumivu yale yanaashiria nini kuhusu afya yake ya baadaye, hata wengine wakasita kupokea dawa kwa kuona kwamba inaficha tatizo bila kulitibu. Wamarekani wa kale walieleza maumivu kwa utulivu, kama watu wanaotoa ripoti, na yalipozidi walijitenga.

Mwaka 1966 Irving Zola naye alichapisha matokeo kutoka Boston. Wagonjwa wenye asili ya Ireland walielekea kukana kwamba wanaumwa na kutaja sehemu moja tu ya mwili, na wenye asili ya Italia walitaja dalili nyingi zaidi, zilizotapakaa mwilini. Kwa hiyo Dawa Chungu anacho cha kusimamia.

Dawa Chungu

Ahsante, mkuu. Hilo ndilo nililosema, ila mimi sikuwa na miaka ya kuitaja.

Mpenda Takwimu

Usiondoke mapema, ndugu yangu, sijamaliza. Wagonjwa wa Zborowski walikuwa askari wa zamani katika hospitali moja ya mji mmoja, na yeye mwenyewe alieleza kwamba mienendo hiyo ilibadilika kadiri vizazi vilivyozidi kukaa Marekani. Tena angalia alichokipata: makundi mawili yalilia kwa namna moja, huku kila moja likihitaji jambo jingine kutoka kwa muuguzi. Muuguzi aliyeishia kusema "hawa wote ni walalamishi" angempa sindano mtu ambaye alihitaji daktari aje kitandani na kumweleza ugonjwa wake. Na Zola alionyesha kwamba pale ambapo ugonjwa wa mwilini haukuonekana, Waitaliano ndio walioelekea zaidi kuandikiwa kwamba tatizo lao ni la kisaikolojia. Malalamiko yao mengi yalikuwa yamewapunguzia kuaminiwa.

Mkunga Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Niliwahudumia wajawazito maisha yangu yote ya kazi, na hadithi hizi za mikoa nilizikuta leba na nimeziacha hukohuko. Tuliambiwa wanawake wa upande fulani huzaa kimya. Niliamini hivyo kama wenzangu, lakini siku moja niliwauliza wanawake wa upande huo, baada ya kujifungua salama, kwa nini walinyamaza. Wengi hawakutaja mila hata kidogo. Walisema waliambiwa na dada zao na mashoga zao kwamba ukipiga kelele pale wakunga hukufokea, na wengine hukuacha peke yako kama adhabu.

Kimya kile, basi, tulikifundisha sisi wenyewe kwa ukali wetu, kikapita kutoka kwa dada hadi kwa mdogo wake, halafu tukakiita tabia ya watu wa kwao. Nami naongeza kwamba mwenye uchungu wa mimba ya kwanza hulia kuliko mwenye uchungu wa mimba ya nne, popote alikozaliwa, na aliyeshikwa mkono hulia kidogo kuliko aliyeachwa akitazama dari. Katika partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, hakuna mahali pa kuandika mkoa. Panaandikwa njia imefunguka kiasi gani, mapigo ya moyo ya mtoto, na nguvu ya uchungu.

Zamu ya Usiku

Shikamoo, mama. Jibu hilo sikulitarajia.

Mtoto wa Mgonjwa

Mimi si mtu wa hospitali. Nimesajili akaunti ili kuandika hapa, baada ya kusoma maneno ya "hata akichanwa hasemi".

Baba yangu ni mtu wa milimani. Alipelekwa hospitali akiwa na maumivu ya tumbo, akakaa kwenye benchi akiwa ameinama, na kila alipoulizwa hali alijibu kwamba anaendelea vizuri, kwa kuwa ndivyo anavyowajibu watu wote. Nilipowaomba wamtazame tena, nilijibiwa kwa upole kabisa, nasisitiza kwa upole, kwamba wazee wa kwetu ni wagumu na kwamba kama ingekuwa hatari angeshasema. Alipokuja kushikwa tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na usaha umesambaa. Alipona, lakini kwa upasuaji mkubwa na muda mrefu wa kulazwa ambao hakupaswa kuupitia. Hakuna aliyemtukana wala kumdharau, walimsifu. Ninachotaka mkijue ni kwamba sifa nayo inaweza kumfikisha mtu kaburini.

Mwalimu wa Uuguzi

Pole sana, ndugu, na mpe mzee pole zetu. Umeeleza jambo ambalo darasani tunalipita haraka mno: tunawaonya wanafunzi dhidi ya dhana za dharau, lakini dhana za heshima tunaziacha, ingawa huua pia.

Karani wa Mapokezi

Naomba kuingia, maana sisi wa mapokezi tunawaona wagonjwa kabla hawajawa wa pwani wala wa milimani. Nionavyo mimi, mnalinganisha watu waliofika kwenu kwa njia tofauti. Anayeishi karibu na hospitali huja mapema, ugonjwa ukiwa bado mchanga, akiwa na nguvu ya kulalamika. Anayetoka mbali huja baada ya kujaribu kila kitu, baada ya kikao cha ukoo na kuchangishana nauli, na anapofika ameshachoka kiasi kwamba hata kunung'unika hawezi. Mnaona kimya mnasema ni uvumilivu, kumbe damu imepungua na homa imemlegeza.

Kuna pia wale waliohamia jijini peke yao kutafuta kazi. Hao hawana wa kuwageuza kitandani wala wa kuwapa maji, kwa hiyo lazima wamwite muuguzi. Kama vijana wengi wa eneo moja wako katika hali hiyo, watu wa eneo hilo watajulikana wodini kwa kuita sana, na wale wenye mashangazi wawili kando ya kitanda watajulikana kwa utulivu.

Dawa Chungu

Karani, umetutoa wodini ukatupeleka getini, na nakiri kwamba hoja yako ina uzito. Hata hivyo nimewaona watu wawili waliovunjika mguu katika ajali moja, wakaletwa na gari moja, na mmoja akawa analia na mwingine amefunga kinywa. Nauli na umbali havielezi hilo.

Msomaji Mtulivu

Wala mkoa hauelezi, mpaka utuonyeshe kwamba wangebadilishana vinywa kama wangebadilishana mahali pa kuzaliwa. Nataka kuongeza jambo ambalo halijatajwa, nalo ni fedha na elimu. Nimewahi kuuguza ndugu katika wodi ya kawaida na baadaye katika chumba cha kulipia. Mtu wa eneo lilelile, mwenye lafudhi ileile, akilalamika katika chumba cha kulipia husemwa kwamba anajua haki zake. Akilalamika katika wodi ya wengi huitwa msumbufu, na hapo ndipo mkoa wake hutajwa. Nadhani mara nyingi tunataja mkoa pale ambapo tunaogopa kutaja umaskini.

Kijana wa Maabara

Kwa maoni yangu suluhisho ni vipimo. Mashine haijui mtu katoka wapi. Ule utafiti wa Los Angeles wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba madaktari waliwanyima Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, dawa kwa kuwa walidhani hawaumwi sana. Wangekuwa na kipimo, jambo hilo lisingetokea.

Mpenda Takwimu

Hapana, kijana, matokeo hayakuwa hivyo, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mjadala huu. Knox Todd na wenzake walichapisha mwaka 1993 kwamba katika idara ya dharura ya UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, miongoni mwa waliovunjika mifupa mirefu, asilimia 55 ya Walatino hawakupewa dawa yoyote ya maumivu, ikilinganishwa na asilimia 26 ya Wazungu wasio Walatino. Watu wengi walidhani kama wewe, kwamba madaktari walishindwa kuyaona maumivu. Timu hiyohiyo ikachunguza hilo na kuchapisha mwaka 1994: makadirio ya madaktari kuhusu ukali wa maumivu hayakutofautiana kwa asili ya mgonjwa. Waliyaona maumivu sawasawa. Baadaye, mwaka 2000, Todd alichapisha takwimu za Atlanta ambako asilimia 74 ya Wazungu walipewa dawa na asilimia 57 tu ya Weusi, ilhali malalamiko yaliyoandikwa kwenye mafaili yalifanana.

Kuhusu mashine kutojua mtu, utafiti uliotoka Michigan mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilishindwa kubaini upungufu kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Mwanga wake hupita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huathiri kinachosomwa. Maumivu nayo hayana mashine. Mizani ya 0 hadi 10, ambayo mgonjwa hutaja namba ya maumivu yake, haimpimi mtu ambaye hakuulizwa.

Zamu ya Usiku

Mkuu, hayo ya mwaka 1994 yamenigusa kuliko yote, kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu. Hakuna asiyeona kwamba kitanda cha nne kinaumwa. Dawa inapotea mahali fulani kati ya kujua na kusimama kwenda kuichukua, na ni hapo ambapo sentensi ya mlangoni inafanya kazi yake.

Nesi Mhamiaji

Mmezungumza juu ya wagonjwa tu, ilhali nasi wauguzi tumegawiwa sifa zetu. Mimi natoka kaskazini, na jijini huku inasemekana wauguzi wa kwetu wana mkono mzito na ulimi mkali. Kuna wagonjwa wanaosikia lafudhi yangu wakauliza kama hakuna mwingine wa kuwachoma sindano. Wengine, wa kwetu, hunitafuta hata nisipokuwa na zamu, wakiamini kwamba nitawaelewa zaidi. Wale wa kwanza wananiumiza, na hawa wa pili wananilemea, kwa kuwa matroni naye huniita kwa kila mgonjwa wa kaskazini kana kwamba wote tumezaliwa nyumba moja.

Hata hivyo sitasema kwamba kufanana hakuna faida. Bibi mmoja alikuwa akikataa dawa na ikaandikwa kwamba ni mkaidi. Nilipoongea naye kwa lugha ya nyumbani alinieleza kwamba aliyekuwa akimtafsiria ni mjukuu wake wa kiume, na maswali kuhusu choo na hedhi asingeweza kuyajibu mbele ya kijana yule. Alichohitaji ni mkalimani ambaye si mjukuu, na huyo angeweza kutoka mkoa wowote.

Mkunga Mstaafu

Hilo la mjukuu ni kweli tupu, binti yangu. Mara ngapi tumeandika "mgonjwa haeleweki" ilhali tumemwuliza mama mtu mzima mambo ya siri kupitia kwa mtoto!

Dawa Chungu

Nawasikiliza wote kwa heshima, lakini hamjaniambia nifanye nini saa nane ya usiku. Niko peke yangu na wodi imejaa hadi sakafuni. Siwezi kumwuliza kila mmoja hadithi ya maisha yake. Lazima nikisie nani nimwendee kwanza, na anakotoka mtu ni dokezo mojawapo, kama umri na aina ya upasuaji. Mkiliondoa, mnipe jingine.

Mwalimu wa Uuguzi

Ombi lako ni la haki, ndugu Dawa Chungu, na lawama kubwa ni ya wanaopanga muuguzi mmoja kwa wodi nzima. Lakini tazama dokezo hilo limetufikisha wapi. Mwaka 2008, huko Winnipeg, Kanada, Brian Sinclair, mzawa wa asili wa nchi ile aliyetumia kiti cha magurudumu, alikaa saa 34 kwenye chumba cha kusubiria cha idara ya dharura akiwa na maambukizi ya kibofu yaliyokuwa yakitibika, akafia palepale. Uchunguzi wa kifo chake ulielezwa kwamba baadhi ya wafanyakazi walidhani amelewa, au hana makazi na amekuja kujihifadhi. Kila aliyepita alikuwa na dokezo lake, na dokezo hilo lilimwondolea haja ya kuuliza.

Sisi walimu tuna sehemu yetu. Mwaka 2017 kampuni ya Pearson ilibidi iombe radhi na kuondoa ukurasa katika kitabu chake cha uuguzi ulioorodhesha jinsi Waarabu, Wayahudi, Weusi na wengineo wanavyodaiwa kuitikia maumivu. Na mwaka 1998 Melanie Tervalon na Jann Murray-García walisimulia habari ya muuguzi aliyeambiwa na daktari kwamba mgonjwa wake, mama wa Kilatino aliyetoka kupasuliwa, anaonekana kuumwa sana. Muuguzi akajibu kwamba amesoma somo la tamaduni na anajua Walatino hutia chumvi. Daktari mwenyewe alikuwa Mlatino! Somo lililokusudiwa kumfungua masikio ndilo lililoyaziba. Ndiyo maana napendelea njia ya Irihapeti Ramsden, muuguzi Mmaori wa New Zealand, ambako tangu mwaka 1992 Baraza la Wauguzi liliingiza fikra zake katika mafunzo: anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa, na muuguzi huanza kwa kujichunguza yeye na mamlaka aliyo nayo, kabla ya kuchunguza mila za mgonjwa.

Dokezo mbadala ni la Margo McCaffery, aliyeandika mwaka 1968 kwamba maumivu ni yale ambayo mwenye nayo anasema ni maumivu, na yapo wakati anaposema yapo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Dawa Chungu

Mwalimu, kauli hiyo naiheshimu, lakini ina upande wake wa pili. Marekani waliichukua hadi mwisho katika miaka ya 1990, wakayahesabu maumivu kuwa ishara muhimu ya tano pamoja na joto na mapigo ya moyo, dawa za jamii ya afyuni zikaandikwa kwa wingi, na watu wengi mno wakafa kwa uraibu. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa nchi hiyo kilitaka utaratibu huo uachwe. Kuamini kila neno nako kuna makaburi yake.

Mtoto wa Mgonjwa

Baba yangu hakuhitaji afyuni, bwana. Alihitaji mtu amshike tumbo.

Msomaji Mtulivu

Zaidi ya hayo, McCaffery anamlinda anayesema. Asiyesema anabaki palepale, na kauli hiyo ikitumiwa bila kuuliza humrudisha mzee wa milimani kwenye benchi lake. Hapo ndipo naona Dawa Chungu ana haki nusu: ni lazima mtu ajue kwamba wapo wasiosema. Tunachobishania ni kama mkoa ndio unaowatambulisha.

Zamu ya Usiku

Ahsanteni nyote. Nimezungumza na msimamizi wa wodi, na tumekubaliana kujaribu jambo dogo. Katika makabidhiano tutataja namba ya maumivu mgonjwa akiwa ametulia na namba akikohoa au kugeuka, saa aliyopewa dawa ya mwisho, na kama ilimsaidia. Wasiosema tutawagusa na kuwatazama uso na pumzi. Anakotoka patatajwa pale tu anapohitajika mkalimani.

Karani wa Mapokezi

Ongezeni saa aliyoita na saa aliyofikiwa. Bila hiyo mtajua nani aliumwa, lakini hamtajua nani alisubirishwa.

Nesi Mhamiaji

Na muuguzi aliyemfikia aandikwe pia. Nina hamu ya kujua kama sisi wenye mikono mizito tunawafikia wa kwetu haraka kuliko wengine.

Dawa Chungu

Andikeni yote hayo, na mkoa uandikeni vilevile, kwenye karatasi ya pembeni ambayo haisomwi mlangoni. Mwishoni mtaipekua, na mimi nashikilia kwamba tofauti mtaziona.

Mpenda Takwimu

Mkiziona, wekeni karatasi ya Karani kando ya karatasi ya Dawa Chungu kabla hamjaandika neno hapa.